Leza Iliyomngoja Waziri

Kama mji wa Cape Coast hapa Ghana ungekuwa unagawa nishani kwa watu hodari wa kutunza vitu visitumike, Dakta Kobina Arhin angekuwa nazo nyingi kuliko jenerali. Asingezivaa, hata hivyo. Angezitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko angeutia kabatini, ufunguo angeuzungusha mara mbili, kisha angewaita wageni waje kuliona kabati.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yake, Maame Egyirba, muuza samaki wa moshi, alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani yake vitambaa vya thamani vilivyokunjwa vizuri na kunukia kafuri. Kwa Wafante, watu wa pwani hiyo, mwanamke huheshimiwa kwa vitambaa alivyoweka, siyo kwa alivyovaa, na Maame Egyirba aliheshimiwa sana huku akitembea na gauni lililopauka. "Akiba haiozi," alimwambia mwanawe kila alipolifungua sanduku na kuvianika vitambaa uani. Mtoto akalishika neno, kuanika hakukushika. Aliponunuliwa viatu vya shule, alivibeba mkononi njia nzima, akavivaa langoni, akavivua tena darasani ili visipate mikunjo. Mwaka ulipokwisha viatu vilikuwa vipya kabisa, ila miguu ilikwisha kuvizidi. Mtoto mwingine angejifunza kitu hapo. Kobina alilia, viatu akapewa binamu yake, na kitu pekee alichokumbuka miaka yote ni jinsi vilivyokuwa bado vinang'aa.

Akili ya darasani alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Ilimpeleka hadi Ujerumani kusomea fizikia ya mwanga: unaumulika mvuke wa kitu kwa leza, mwanga wa rangi moja tu iliyochaguliwa kwa makini, kisha unasoma jinsi chembe za kitu hicho zinavyojibu. Huko wenzake walichoma vioo, wakaharibu vifaa, wakavitengeneza, wakavichoma tena, mpaka wakawa mabingwa. Yeye hakuchoma hata kioo kimoja, maana hakugusa. Mwalimu wake alimwandikia barua ya sifa iliyosema kwamba Bwana Arhin ni mtu mwangalifu kupita kiasi. Arhin, ambaye mpaka leo hajang'amua kwamba alitaniwa, aliitia barua hiyo kwenye fremu na kuitundika ofisini.

Alirudi nyumbani, akaajiriwa chuo kikuu kule mlimani. Baada ya miaka michache ile maabara ya Ujerumani ikampelekea zawadi: leza ya gesi ya argoni, mashine ndefu kama ubao wa kupigia pasi, yenye mrija wa gesi ndani, nzima kabisa. Ukiiwasha inatoa mwanga wa kijani na buluu, mwali mwembamba usiotawanyika. Katika idara nzima hapakuwa na kitu cha kulinganishwa nayo. Walimu walijazana mlangoni siku kreti ilipofunguliwa.

"Haya, washa tuone," alisema mmoja.

"Nani kasema iwashwe?" Huyo alikuwa Profesa Amissah, mkuu wa idara, mtu ambaye hajawahi kukosa shughuli yenye kiti cha mbele na soda. "Kitu kama hiki kinazinduliwa. Anakuja mkubwa, anakata utepe, anabonyeza. Ukiiwasha leo, yeye atazindua nini? Majivu?"

Arhin alihisi kifua kimepata nafasi. Maisha yake yote alikuwa akiona haya kidogo kwa uoga wake wa kutumia vitu, na sasa uoga huo umepewa cheo. Jioni hiyohiyo alishuka mtaani kwa mama yake, akamwomba kitambaa kimoja cha sandukuni, cha rangi ya zambarau na dhahabu, akaenda kuifunika leza.

"Mashine ina baridi?" aliuliza Maame Egyirba.

"Ni vumbi, mama. Na ni kwa muda mfupi tu, mpaka wazindue."

Muda mfupi. Waswahili wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Waswahili hawajaona uzinduzi wa Ghana. Kwetu jengo huwa halijajengwa mpaka mkubwa akate utepe. Pale sokoni Kotokuraba palikuwa na choo kizuri cha vigae, kimekamilika, kimefungwa kwa kufuli kikimsubiri mbunge, na watu wakawa wanajisaidia nyuma yake. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alijua taratibu.

Waziri wa kwanza aliyealikwa aliahidi kuja, kibao cha shaba chenye jina lake kikachongwa, naye akafukuzwa kazi wiki ya uzinduzi. Kibao cha pili kikachongwa, uchaguzi ukaja, chama chake kikaanguka. Waziri wa tatu alichagua siku iliyoangukia katika marufuku ya kimila ya ngoma kabla ya sikukuu ya mji, na Profesa Amissah akasema uzinduzi bila tarumbeta ni mazishi. Mwaka uliofuata yalikuwa mazishi kweli, ya chifu, na hakuna mkubwa anayekata utepe mji ukiwa umevaa nyekundu na nyeusi. Miaka saba ikapita hivyo. Leza ikalala chini ya kitambaa cha Maame Egyirba, na kila mgeni aliyekuja idarani alipelekwa kuiona. Arhin alikuwa akiinua pindo la kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu anayemwonyesha jirani mtoto mchanga, kisha akalishusha.

Ungesema basi, maskini, hakujua. Alijua. Gesi ndani ya mrija wa leza ya namna ile huchafuka ikikaa bure, na dawa yake ni kuiwasha kila mwezi, saa chache tu, ijisafishe yenyewe. Arhin alilifundisha jambo hilo kila mwaka, kwa sauti kubwa, na kulipigia mstari ubaoni.

"Leza ya gesi isiyowashwa hufa," alikuwa akisema. "Andikeni."

Siku moja msichana wa mstari wa mbele aliandika, kisha akanyoosha mkono.

"Na ya kwetu, Dokta, huwa inawashwa siku gani?"

Darasa likaangua kicheko. Arhin alifuta ubao ingawa hakuwa amemaliza.

Msichana huyo aliitwa Ewurama Dontoh, binti wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Elmina, mrefu, mkavu wa maneno. Alipomaliza shahada ya kwanza alibaki kusomea ya pili, na katika idara nzima aliyeweza kumsimamia kazi ya leza alikuwa Arhin. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: achukue madini ya iodini, ayatie kwenye chupa ya kioo iliyofungwa pande zote, yatoe mvuke wake wa urujuani, kisha aumulike mvuke huo kwa mwanga wa kijani. Ukipiga rangi yenyewe hasa, mvuke huwaka njia nzima unapopita mwali, na kutokana na mng'ao huo unaisoma iodini yote, ilivyojengwa na inavyotetemeka. Chupa aliitengeneza. Vipimo alivitengeneza kwa vipuri vya redio. Alivisimika vioo vyake kwenye meza ya chuma, akavipanga na kuvipangua mpaka ikabaki nafasi moja tu tupu, ya ule mwali wa kijani. Nafasi hiyo ilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kile kitambaa cha zambarau.

Chuo humpa mwanafunzi muda, ukiisha jina lako linafutwa. Wake ulikuwa unaishia mwisho wa mwaka ule. Chuo cha ualimu cha Takoradi kilikuwa kimemwahidi kazi endapo angeleta shahada, na baba yake alikuwa amekwisha kustaafu akiwa na wadogo zake watatu shuleni. Arhin aliyajua yote haya, kwa kuwa Ewurama alimweleza, siyo mara moja.

"Dokta, nakuomba siku moja tu. Funga mlango, tuiwashe, nipime, tuizime. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Sasa si ndiyo vizuri? Utajua kama bado inafanya kazi."

Neno hilo lilimchoma Arhin mahali asipopenda kuguswa. "Ewurama, mwanangu, una haraka ya ujana. Waziri ameshathibitisha. Ni mwezi ujao."

"Mwezi ujao wa mwaka gani?"

"Heshima, binti."

"Heshima ninayo, Dokta. Kisichokuwepo ni mwanga."

Alitoka, na mlango aliufunga polepole, jambo lililomuudhi Arhin kuliko kama angeubamiza. Alikaa akiitazama barua yake ya kwenye fremu. Alijiambia kwamba vijana hawajui thamani ya kitu. Alijiambia pia kwamba binti huyo angemshukuru baadaye, ingawa hakuweza kufikiri ni kwa lipi.

Safari hii, ajabu ya Mungu, waziri alithibitisha kweli. Bendi ya tarumbeta ikakodishwa, kibao cha nne kikachongwa, na chini ya jina la waziri, kwa herufi ndogo, ikaandikwa kwamba Mkurugenzi wa Kituo cha Mwanga ni Dakta Kobina Arhin. Kituo chenyewe kilikuwa kilekile chumba. Zikiwa zimebaki siku mbili, Arhin alijifungia ndani na ile mashine, akakiondoa kitambaa, akavaa miwani ya kinga, akazungusha ufunguo.

Feni ilivuma. Ndani kukasikika tik, tik, tik, kifaa cha kuwashia kikijaribu. Mwishoni mwa mrija palitokea weupe hafifu wa rangi ya maziwa yaliyomwagiwa maji, ukatweta, ukazimika. Alijaribu tena. Tik, tik, tik. Alijaribu mpaka pakanuka moto. Hakuna kijani, hakuna buluu. Leza ilikuwa imekufa chini ya kitambaa cha thamani, bila mkwaruzo hata mmoja, na inang'aa.

Arhin aliketi sakafuni akalia, na hapa mtu mwenye roho angemwonea huruma. Mimi ningemwonea, kama angelilia lile kosa. Aliililia fremu ya pili, ile ya picha ya uzinduzi, ambayo alikwisha kuitengea nafasi ukutani.

Asubuhi yake alishuka Kotokuraba, kwenye safu ya wauza chaja na vifuniko vya simu, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mama mmoja mnene alimkaribisha.

"Njoo, Mchungaji. Unatafuta nini?"

"Mimi si mchungaji. Nataka ile kalamu ya leza. Ya kijani."

"Wachungaji ndio wanaozinunua, za kuonyeshea maandiko ukutani. Na wenye paka." Alibonyeza moja, kidoa cha kijani kikaruka kwenye paa la benki ng'ambo. "Hii kali. Ni ya kanisani au ya paka?"

"Ni ya... ya kazi."

"Kazi gani?"

"Mama, niuzie tu."

"Usikasirike, Mchungaji. Chukua na betri za akiba."

Alirudi, akalifungua ganda la ile mashine kubwa, akaifunga kalamu ndani kwa utepe wa kunata, mdomo wake ukichungulia palepale ulipopaswa kutokea mwali wa argoni, akaunga waya kwenye kitufe cha nje. Mikono iliyoshindwa kwa miaka saba kugusa kitufe cha leza ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Mtu huwa fundi akiwa na la kuficha.

Siku ya uzinduzi mlima wote ulilia tarumbeta. Chifu alikuja na mwavuli wake, pombe ya tambiko ikamwagwa, kisha mchungaji akaomba ili asipitwe. Maame Egyirba aliketi mstari wa pili, miaka themanini na ushee, amejitanda kitambaa cha kijani na nyeusi ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona.

"Mama, umefungua sanduku?" Arhin alimnong'oneza.

"Nimefungua. Nivae lini, nikiwa nimelazwa chali watu wanaimba? Na kile changu cha zambarau nakitaka leo. Kimemfunika mtu asiyekuwa na baridi vya kutosha."

Waziri alihutubia kuhusu waziri. Alipokaribia mwisho alikumbuka leza, akasema kwamba leo taifa limetoka gizani. Akakata utepe, akabonyeza kitufe. Kwenye ukuta mweupe kikatua kidoa cha kijani, kikali, kinachong'aa. Ukumbi ukalipuka makofi. Profesa Amissah alifuta machozi. Mpiga picha alimwomba Mkurugenzi asogee karibu na Mheshimiwa, na Mkurugenzi akasogea.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Ewurama alikuwa amesimama kando, na mkononi ameshika kipande cha plastiki chenye mistari midogo isiyoonekana, ambacho watu wa kazi hii hutembea nacho mfukoni kama wengine wanavyotembea na kijiti cha meno. Ukichungulia mwanga kupitia hicho, unautenganisha katika rangi zake. Argoni ikiachiwa yote hutoa madoa kadhaa, ya buluu na ya kijani, yamejipanga. Ewurama alichungulia. Kilikuwepo kidoa kimoja, cha kijani, basi. Alikishusha kile kipande, akamtazama Arhin kupitia vichwa vya watu wote wale, na Arhin akageuka kumsikiliza chifu ambaye hakuwa amesema kitu.

Wageni walipokwenda kwenye wali na samaki, Ewurama alimfuata.

"Dokta, hongera."

"Asante, mwanangu."

"Imeshazinduliwa, sivyo?"

"Imeshazinduliwa."

"Basi hakuna kizuizi tena. Kesho naanza kupima."

Arhin alitazama huku na huku. "Ewurama, kuna tatizo dogo la kiufundi."

"Tatizo dogo ni la bei gani? Nimeyaona Kotokuraba, yapo ya kanisani na ya paka."

Bendi ilikuwa ikipiga nje. Arhin alitafuta neno la mwalimu mdomoni mwake, asilipate, akatoa la mwombaji. "Usiniaibishe, tafadhali. Nina mama pale."

"Ilikufa lini?"

"Sijui."

"Hujui kwa sababu hukuiwasha." Aliongea kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. "Mimi nimebakiza miezi mitano, Dokta. Miaka miwili nimekaa nayo umbali wa mkono. Ungeniruhusu siku ile ya kwanza, ingekuwa hai mpaka leo, na mimi ningekuwa Takoradi." Kisha akanyoosha kiganja. "Nipe hiyo."

"Ipi?"

"Hiyo ya ndani. Ndiyo mwanga pekee tulionao."

Na hapo ndipo Arhin, kwa mara ya kwanza maishani, alimpa mtu kitu akitumie. Alimpa kwa kuwa kilikuwa rahisi na hakukithamini.

Ewurama aliibana ile kalamu katikati ya vipande viwili vya shaba. Rangi ya leza ndogo kama ile hubadilika unywele kwa unywele kadiri inavyopata joto au baridi, basi alinunua maji ya mfuko ya barafu, yale wanayouza wasichana kando ya barabara, akayapanga kuizunguka shaba, akaiacha ipoe, kisha ipate joto polepole, huku macho yake yakiwa kwenye chupa ya iodini. Barafu ikiyeyuka anaanza upya. Kalamu ilimsumbua, iliruka rangi, ilichoka betri, akavumilia. Wiki kadhaa chupa ilibaki giza. Mchana mmoja Arhin alikuwa akipita ukumbini, akamsikia anacheka peke yake. Alichungulia. Ndani ya mvuke wa urujuani ulikuwa umelala mstari wa mng'ao wa manjano, kutoka upande huu wa chupa hadi ule, umetulia tuli.

Alisimama mlangoni kwa muda. Alikuwa ameona mng'ao kama huo Ujerumani, kwenye meza za wenzake. Hakuwahi kuuona kwenye yake. Alitaka kusema neno, kisha akaona madoa ya maji kwenye ile meza ya chuma, akasema, "Utaniharibia meza," akaenda zake.

Tasnifu ikaisha kabla ya muda. Ikabaki kuitetea mbele ya mtahini kutoka nje, na mtahini alikuwa Profesa Lamiley Okantey wa Accra, mama mfupi mwenye macho yasiyopepesa. Asubuhi ya siku hiyo Arhin alimwita Ewurama ofisini, chini ya fremu zake, ambazo sasa zilikuwa mbili.

"Ukiulizwa kuhusu mwanga, sema leza ya kijani. Si uongo. Ni leza, na ni ya kijani."

"Dokta, ulitufundisha nini siku ya kwanza kabisa?"

Alikumbuka. Alitamani asikumbuke. Taja chanzo cha mwanga wako kabla hujataja kitu kingine, ndivyo alivyowafundisha, maana asiyejua mwanga wake umetoka wapi hajui alichokiona.

"Ukisema, nitaaibika," alisema.

"Na nisiposema, vipimo vyangu havina maana, wananirudisha nyumbani. Mmoja wetu lazima aaibike, Dokta. Mimi sina nililofanya."

Profesa Okantey alifungua kurasa, akauliza hili na lile, akaridhika. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, idara yenu ina argoni. Nimesoma gazetini, na nimeona kibao mlangoni. Lakini rangi hii uliyoipima haitoki kwenye argoni. Chanzo cha mwanga wako ni nini?"

Arhin alikuwa ameketi kando ya Profesa Amissah. Alimtazama Ewurama kwa macho ya mtu aliyefikwa na maji ya shingo.

"Ni kalamu ya leza, Profesa. Ya sokoni Kotokuraba," alisema Ewurama. "Ndiyo aliyoizindua Mheshimiwa Waziri."

"Samahani?"

"Ilikuwa ndani ya ganda la argoni. Argoni ilikufa bila kuwashwa hata mara moja. Dokta Arhin ndiye aliyeninunulia kalamu, ingawa siku ile hakuwa ameninunulia mimi."

Profesa Okantey aligeuza kichwa taratibu. "Dokta? Ni kweli?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Arhin alikuwa amefika ukingoni. "Nilikuwa naitunza," alisema.

Yule mama alicheka mpaka akalazimika kuomba maji. Alipotulia hakuwa na kicheko tena usoni. "Miaka saba ulikuwa na mashine ambayo Afrika Magharibi nzima ingekuonea wivu, hukumpa mtoto huyu hata siku moja. Yeye kwa kitu cha kuchezea paka amekuletea vipimo ambavyo mimi nitavifundisha Accra. Sijui wewe unaitwa msimamizi kwa kazi gani." Akatia sahihi ya kufaulu palepale, mezani, bila kutoka kushauriana.

Unadhani Arhin aliadhibiwa? Wewe ni mgeni. Kumvua ukurugenzi kungekuwa kukiri kwamba waziri aliwasha kalamu ya paka mbele ya chifu, bendi na magazeti. "Tumeshazindua," alisema Profesa Amissah, "na kitu kilichozinduliwa hakizinduliwi kinyumenyume." Kibao kikabaki mlangoni. Ila wanafunzi walianza kumwita Mchungaji, hakuna ajuaye nani aliyewaambia, na jina hilo limemganda mpaka leo.

Ewurama alipokuja kuaga, sanduku lake la kwenda Takoradi likiwa mlangoni, aliiweka kalamu mezani kwake. Shaba ilikuwa imeikwaruza, rangi imebabuka, kitufe kimelegea.

"Nakurudishia mali yako, Dokta. Bado inawaka. Kuna kijana wa mwaka wa kwanza anaitaka, mpe. Kama humpi, basi toa betri. Zikikaa bure zitavuja, zitaila."

"Najua," alisema Arhin.

"Ndiyo. Siku zote unajua."

Akaenda zake. Arhin alibaki peke yake na ile kalamu. Aliibonyeza, kidoa cha kijani kikatua juu ya barua ya Ujerumani, juu ya neno lile la mwangalifu. Akawaza kwamba kitu hiki sasa kina historia. Kimezinduliwa na waziri, kimetajwa katika tasnifu, siku moja wageni watataka kukiona, na yule kijana wa mwaka wa kwanza ana mikono mizito. Alitafuta cha kuifunikia. Kitambaa cha zambarau mama yake alikuwa amekichukua, na Jumapili iliyopita alikwenda nacho kanisani. Basi Arhin alitoa leso yake, ile safi ya mfuko wa juu ambayo hajawahi kuifutia kitu, akaiviringisha kalamu, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufungia kabatini.

Betri hakuzitoa. Aliogopa kukilegeza kifuniko.